Kuchonga manifoldi ya hewa ya Toyota 4A-FE ili kuongeza nguvu za farasi

Injini ya 4A-FE ina silinda nne, valvu 16 na ujazo wa cc 1,587. Kiwandani ilitoka na takriban nguvu za farasi 100 hadi 115, kutegemea toleo. Imejaa kwenye Corolla, Carina na Corona zilizoletwa Afrika Mashariki kutoka Japani, vipuri vyake havisumbui kupatikana, na manifoldi yake (mirija inayogawa hewa kwa silinda) ni ya aluminiamu, kwa hiyo inachongeka. Ndiyo maana tumeichukua kuwa mfano. Mwenye 5A-FE au 7A-FE atafuata njia hii hii, ila vipimo apime vya kwake.

Tuanze na matarajio. Manifoldi peke yake, ikichongwa vizuri na petroli ikarekebishwa kuifuata, huongeza asilimia 2 hadi 5 hivi. Kwa injini ya farasi 110 hiyo ni farasi wawili hadi watano na ushei. Anayekuahidi farasi 20 kwa grinda na msasa anakuuzia maneno. Kama eya klina imeziba, plagi zimechoka au kompresheni ya silinda moja imeshuka, shughulikia hayo kwanza. Hela itakayotumika huko itarudi haraka kuliko hii.

Pima kabla hujafungua

Tafuta geji ya vakyumu na mpira mrefu wa kufika ndani ya gari. Iunge kwenye tundu lolote la vakyumu lililo kwenye chumba cha hewa, yaani lile boksi la manifoldi lililo kati ya throto (lango la hewa lenye kipepeo) na mirija minne. Injini ikiwa imepata moto na iko kwenye sailensi (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), geji isome inchi 17 hadi 21 za zebaki ukiwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Kila ukipanda mita 300 hivi inapungua inchi moja, kwa hiyo Nairobi, kwenye mita 1,700, inchi 12 hadi 15 si ugonjwa. Sindano ikichezacheza au ikisoma chini ya hapo, kuna valvu isiyofunga sawasawa, majira ya injini yamesogea, au tayari kuna hewa inayopenya mahali. Usichonge kitu juu ya injini ya namna hiyo.

Kipimo cha pili ndicho chenye faida zaidi. Nenda barabara iliyo wazi, weka gia ya tatu, kanyaga mafuta mpaka mwisho, na abiria asome geji injini ikipita RPM (mizunguko kwa dakika) 5,500 hadi 6,000. Kipepeo cha throto kikiwa wazi kabisa, sindano inatakiwa ikaribie sifuri. Ikisoma inchi moja, ujue kuanzia mdomo wa eya klina hadi nyuma ya kipepeo unapoteza takriban kilopaskali 3.4, sawa na asilimia 3 na zaidi ya hewa yako. Hapo tatizo liko mbele ya manifoldi: chujio, bomba lililokunjika, au boksi la eya klina lenye mdomo mwembamba. Ikisoma sifuri au robo ya inchi, njia ya mbele ni safi, na kazi iliyobaki ni ya mirija na chumba cha hewa.

Kipimo hicho kinawaokoa wengi na gharama ya throto kubwa. Piga hesabu. Injini ya lita 1.587 ikizunguka RPM 6,500 na kujaa kwa asilimia 85 inavuta lita 73 hivi za hewa kwa sekunde. Kwenye throto ya milimita 50 hewa hiyo inapita kwa kasi ya mita 37 kwa sekunde, na shinikizo linalobebwa na mwendo huo ni chini ya kilopaskali moja. Ukiweka throto ya milimita 60, hata ukiokoa yote, umeokoa chini ya asilimia moja: farasi mmoja. Utakachopata kwa uhakika ni pedali iliyokuwa kali, kwa sababu kipepeo kikubwa hufungua eneo kubwa kwa mguso mdogo. Watu huhisi ukali huo wakadhani ni nguvu.

Urefu na upana wa mirija

Pistoni inaposhuka inatuma wimbi la mvuto kwenye mrija kwenda chumba cha hewa. Wimbi likifika kwenye mdomo wa mrija linageuka na kurudi kama wimbi la msukumo. Likikuta valvu bado haijafunga, linasindikiza hewa ya ziada ndani ya silinda. Likichelewa au likiwahi, hupati kitu. Wimbi halibadili mwendo wake kwa kukufurahisha, kwa hiyo urefu wa mrija ndio unaoamua injini itapumua vizuri kwenye RPM ipi.

Kanuni ya mkono ni hii: gawanya 213,000 kwa RPM unayoitaka, upate urefu kwa sentimita, kuanzia kwenye valvu hadi mdomo wa mrija ndani ya chumba cha hewa. Kwa RPM 6,000 ni sentimita 35.5. Kwa 4,500 ni sentimita 47. Njia iliyo ndani ya hedi (kichwa cha injini) inahesabiwa pia. Kupima, pitisha waya laini wa umeme katikati ya mrija, weka alama, kisha unyooshe kwenye futi.

Chrysler walilifanya hili waziwazi mwaka 1960 kwenye gari la 300F. Mirija ya inchi 30, yaani sentimita 76, iliipa injini ile V8 toki (nguvu ya kuzungusha) yake kubwa kabisa kwenye RPM 2,800. Gawanya 213,000 kwa 76 uone. Toleo la pili, lililolenga mwendo, lilikuwa na manifoldi ileile kwa nje, ila ukuta uliotenganisha mirija ulikatwa ndani ili urefu unaofanya kazi ubaki nusu. Nguvu ikapanda kutoka farasi 375 hadi 400, na toki ya chini ikashuka. Hakuna aliyepata vyote viwili.

Kwa 4A-FE yenye kemushafti (vyuma vinavyofungua valvu) za kiwandani, kufupisha mirija ni hasara. Ukiifupisha hadi sentimita 27 umeilenga RPM 8,000, mahali ambapo kemushafti zake zimeshachoka zamani na kontroli boksi (kompyuta ya injini) imeshakata petroli. Acha urefu kama ulivyo.

Upana nao una bei yake. Zile lita 73 kwa sekunde zikipita kwenye mrija wa milimita 38, wastani wa mwendo wakati silinda inavuta ni mita 64 kwa sekunde. Ukiupanua hadi milimita 44 unashuka hadi mita 48. Hewa inayokwenda kasi ina uzito wa kujisukuma ndani hata pistoni ikiwa imeanza kupanda. Hewa ya polepole inageuza na kurudi. Mrija uliopanuliwa kupita kiasi utaufahamu pale unapopanda mlima wa Kitonga umebeba abiria wanne: injini inanguruma lakini haivuti.

Kwa hiyo kazi yenye maana iko sehemu mbili: pale mrija unapokutana na hedi, na pale mrija unapoanzia ndani ya chumba cha hewa. Katikati unagusa kidogo tu.

Vifaa

Gasketi mpya ya manifoldi na ya throto. Oringi na raba zote za nozeli (zinazopuliza petroli). Grinda ndogo ya mkono, ya upepo au ya umeme, na biti ya kaabaidi ya aluminiamu yenye meno makubwa yaliyoachana. Biti ya chuma yenye meno ya kukatana huziba kwa aluminiamu ndani ya dakika moja. Mafuta ya taa kidogo ya kuchovya biti. Msasa namba 80 na 120. Vernia kalipa, fila geji, rula ya chuma iliyonyooka, spana ya toki inayosoma vizuri kati ya Nm 5 na 30. Rangi ya kupuliza, sindano ya kuchorea, utepe wa karatasi, kalamu. Brekiklina makopo mawili. Miwani na barakoa: vumbi la aluminiamu usilivute.

Kufungua

Injini iwe baridi. Petroli iliyo kwenye reli (bomba linalogawa petroli kwa nozeli) ina shinikizo, kwa hiyo chomoa fyuzi au rilei ya EFI, washa injini na uiache ijizime, kisha chomoa waya hasi wa betri. Mwaga koolanti lita mbili hivi, kwa kuwa throto ina mipira ya maji.

Bandika utepe wenye namba kwenye kila mpira na kila soketi, namba hiyohiyo upande wa pili, na piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Mpira wa sensa ya MAP (inayopima shinikizo ndani ya manifoldi), wa brekibusta, wa PCV (njia ya mvuke wa ndani ya injini) na wa rejeta ya petroli (inayodhibiti shinikizo la petroli) vinafanana kuliko unavyodhani, na ukibadilishana viwili utatafuta ugonjwa siku nzima.

Chini ya manifoldi kuna mkono wa chuma unaoishikilia kwenye bloku. Huuoni kwa juu. Mafundi wengi hulegeza bolti zote za juu, kisha wanabenjua kwa bisibisi kubwa wakidhani gasketi imeng'ang'ania, mpaka sikio la aluminiamu linavunjika. Ingiza mkono, utafute, uufungue kwanza. Bolti za kwenye hedi zilegeze kuanzia za pembeni kuja katikati, mzunguko nusu nusu.

Manifoldi ikitoka, ziba matundu ya hedi kwa vitambaa safi na uvihesabu. Nati moja ikidondoka humo, hedi inashuka.

Ikague kabla ya kuisifu. Weka rula ya chuma kwenye uso wa manifoldi, kwa urefu na kwa mshazari, na ujaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.2. Ikipita, uso umepinda na unahitaji kusawazishwa kwa mashine, la sivyo gasketi haitaziba hata uikaze vipi. Kisha safisha masizi na mafuta ya PCV ndani. Kwenye injini yenye kilomita nyingi, kusafisha tu kunarudisha sehemu ya nguvu unayoitafuta.

Kuchonga upande wa hedi

Kosa linalorudiwa zaidi ni kuichukua gasketi kama kipimo. Gasketi nyingi zina matundu makubwa kuliko ya hedi na ya manifoldi yenyewe. Ukichonga pande zote mbili hadi ukingo wa gasketi, umetengeneza tumbo katikati ya njia: hewa inapanuka, inapunguza mwendo, halafu inabanwa tena. Kipimo chako ni tundu la hedi.

Paka uso wa hedi kuzunguka matundu wino au grisi nyepesi, bandika karatasi ngumu iliyotobolewa kwa ajili ya stadi (bolti zilizosimama kwenye hedi) ili isiyumbe, na uikandamize ipate chapa ya matundu. Kata chapa hiyo kwa wembe. Puliza rangi uso wa manifoldi, ikikauka weka karatasi juu yake ukitumia stadi zilezile, kisha chora kwa sindano. Kuanzia hapo utaona mahali manifoldi inapoingia ndani ya mstari na mahali inapotoka nje.

Sasa sheria. Hewa ikitoka kwenye njia ndogo kuingia kubwa haigongi kitu. Ikitoka kubwa kuingia ndogo inagonga kizingiti. Kwa hiyo manifoldi iwe sawa na hedi au ndogo kwa nusu milimita kila upande, isiwe kubwa kamwe. Hiyo nusu milimita ina kazi nyingine: valvu zinapopishana, moshi unaorudi nyuma unagonga ukingo huo na kupungua nguvu. Pale ambapo manifoldi imeshakuwa kubwa kuliko hedi tangu kiwandani, usiiguse; kizingiti kiondolewe kwenye hedi, na hiyo ifanyike siku hedi imeshuka kwa kazi nyingine. Kuichonga hedi ikiwa juu ya injini ni kumwaga unga wa aluminiamu kwenye valvu.

Chonga kwa mwendo wa kuzunguka, biti isikae mahali pamoja hata sekunde mbili. Ichovye kwenye mafuta ya taa kila mara. Usiishie mdomoni: ulichoondoa kisambae milimita 20 hadi 25 kwenda ndani, ukipungua taratibu, la sivyo umehamisha kizingiti tu. Ukuta wa mrija usishuke chini ya milimita 3. Eneo la hatari ni chini ya kiti cha nozeli na kandokando ya matundu ya bolti, ambako ukuta hupungua ghafla. Kiti cha nozeli chenyewe usikiguse kabisa. Nozeli imelengwa kupuliza mgongoni mwa valvu, na ikiyumba petroli inatua ukutani.

Malizia kwa msasa namba 80, ukitaka 120. Kung'arisha hadi ujione uso ni kazi ya maonyesho. Sehemu kubwa ya manifoldi ya injini ya nozeli hupitisha hewa kavu, na karibu na nozeli ukwaruzo mdogo unasaidia petroli isitiririke kama maji kwenye kioo.

Mirija yote minne iwe sawa. Pima kila mdomo kwa kalipa, wima na ulalo, uandike. Tofauti isizidi milimita 0.3. Silinda moja ikipata hewa zaidi ya wenzake wakati nozeli zinapuliza sawa, hiyo moja inakosa petroli na ndiyo itakayogonga (mchanganyiko kulipuka vibaya ndani ya silinda).

Ndani ya chumba cha hewa

Hapa ndipo penye faida ambayo wengi hawaifikii, kwa sababu haionekani. Mdomo wa mrija ukiwa na kona kali, hewa inayoingia inajibana katikati na kuacha pembeni mtupu. Hasara yake ni nusu ya nguvu ya mwendo wa hewa hiyo. Ukiuviringisha mdomo kama tarumbeta, hata kwa nusu kipenyo ya asilimia 15 tu ya upana wa mrija, hasara inashuka hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya ile. Kwa mrija wa milimita 40, ni mviringo wa milimita 6. Angalia kwa tochi kupitia tundu la throto: ukiona kona kali, umepata kazi.

Kama chumba cha manifoldi yako kina mfuniko wa bolti au vipande viwili, bahati yako. Fungua, chonga, funga. Kama ni kipande kimoja, lazima kikatwe kwa msumeno upande ulio mbali na mirija, kichongwe, kisha kichomelewe. Fikiria mara mbili. Aluminiamu ya kumwagwa iliyonywa mafuta miaka 25 inachemka matundu ikichomwa. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, ikaushe, ipashe moto nyuzi 100 hadi 150, isugue tena, ndipo ichomwe kwa TIG ya AC na waya 4043. Wakati wa kuchomelea, ifunge kwa bolti zake zote kwenye hedi mbovu au sahani nene ya chuma, na uiache ipoe hapohapo. Isipofungwa itapinda, na ule uso ulioupima kwa milimita 0.2 utahitaji mashine.

Ukiwa umeshaikata, unaweza kuongeza ujazo wa chumba. Kiwango kinachofanya kazi kwa silinda nne ni mara 0.8 hadi 1.5 ya ujazo wa injini, yaani lita 1.3 hadi 2.4 kwa hii. Pima ulicho nacho kwa kujaza maji mpaka kwenye midomo ya mirija. Zaidi ya hapo pedali inakuwa nzito kuitika na sailensi inapepesuka. Gundi ya chuma usiijaze ndani, hata ile ghali. Petroli na joto vitaiachanisha, na kipande kitaelekea kwenye valvu.

Baada ya kuchomelea ziba midomo yote, weka upepo wa bar 0.3, usizidishe, na upake maji ya sabuni. Kisha osha manifoldi mara tatu kwa maji ya moto na brashi ya chupa, puliza kwa kompresa, igonge kwa nyundo ya mpira, osha tena. Chembe ya kuchomelea inayotoka kwa mtikisiko ndiyo inayoua injini, na haitoki wakati unaitazama.

Joto

Kila nyuzi 3 za joto zinaondoa karibu asilimia moja ya uzito wa hewa. Mdomo wa eya klina unaovuta hewa ya nyuzi 60 kutoka nyuma ya rejeta ya maji badala ya nyuzi 32 kutoka mbele ya gari unakunyima asilimia 8 ya uzito huo. Si yote inayofika kwenye magurudumu, lakini bomba la kuuleta mdomo huo mbele, na kizuizi cha joto la ekzosti, vinashinda throto ya bei yoyote.

Mipira ya maji ya throto ipo kwa ajili ya nchi za barafu, na wengi wa pwani huiunganisha yenyewe kwa yenyewe. Angalia kwanza: baadhi ya throto zina valvu ya nta inayopandisha sailensi injini ikiwa baridi na kuishusha maji yakipata moto. Ukiikatia maji, sailensi itabaki juu siku zote.

Kufunga

Toa vitambaa, uvihesabu. Gasketi ikae kavu. Silikoni haihitajiki, na inayobanwa ndani huning'inia mpaka inakatika, achilia mbali mvuke wa baadhi yake unaoharibu sensa ya oksijeni. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa awamu tatu hadi Nm 19. Ule mkono wa chini uufunge mwisho, bila kuulazimisha.

Oringi za nozeli zipake mafuta ya injini. Nozeli ikishakaa lazima izunguke kwa vidole. Isiyozunguka ina oringi iliyojikunja. Kabla ya kuwasha, rudisha betri, unganisha B+ na FP kwenye boksi la daiginosi kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata. Pampu itafanya kazi na utaona kama kuna tone. Kuna tone, zima hapohapo.

Jaza maji na utoe hewa. Injini ikishapata moto, unganisha TE1 na E1 kwenye boksi lilelile la daiginosi na uangalie taiming (majira ya cheche) kwa taa: nyuzi 10 kabla ya TDC (pistoni ikiwa juu kabisa).

Petroli lazima ifuate

Toleo linalotumia sensa ya MAP halipimi hewa moja kwa moja. Linabashiri kutokana na shinikizo na RPM, kwa jedwali lililoandikwa kwa manifoldi ya zamani. Ukiisaidia injini ijae zaidi kwa shinikizo lilelile, kontroli boksi haijui. Mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni inasahihisha, lakini ukikanyaga mpaka mwisho haisikilizwi, na mchanganyiko unakuwa mkavu. Magari yenye mita ya hewa yana nafuu hapa.

Funga kwa muda sensa pana ya oksijeni (wideband) na usome ukiwa umekanyaga mpaka mwisho, gia ya tatu. Lengo ni sehemu 12.6 hadi 13.0 za hewa kwa moja ya petroli. Ikipita 13.5, acha kukanyaga. Utasikia kugonga kabla ya kuona pistoni. Marekebisho yanakwenda kwa rejeta ya petroli ya kurekebishika, kidogo kidogo, au kwa kompyuta ndogo ya kuingilia mawimbi ya sensa ikiwa yuko fundi anayeijua.

Ikikataa

Sailensi imepanda hadi 1,500 na haishuki: kwenye mfumo wa MAP, hewa inayopenya inaonekana kama kipepeo kilichofunguka, kompyuta inaongeza petroli na RPM inapanda. Kwenye mfumo wa mita ya hewa, tundu hilohilo linaleta kumisi na kuzimika, kwa sababu hewa hiyo haikuhesabiwa. Ugonjwa mmoja, dalili mbili. Tafuta kwa chupa ya kupulizia maji kama ya saluni, kandokando ya gasketi na raba za nozeli. Mahali sauti inapobadilika ndipo penye tundu. Wanaotumia kabureta klina wanapata jibu lilelile, na siku nyingine moto.

Silinda moja inamisi: raba ya nozeli yake, au soketi haikuingia. Pedali ya brake imekuwa ngumu: mpira wa busta haukukaa, au valvu yake ya njia moja imegeuzwa. Gari linajikwaa ukikanyaga ghafla: mpira wa MAP ni mrefu, umekunjika au una maji. Uchukue kutoka kwenye chumba cha hewa, usiuchukue kwenye mrija mmoja.

Kujua ulichopata, rudi barabara ileile, saa ileile, gia ya tatu, pima sekunde kutoka RPM 3,000 hadi 6,000, mara tatu kwenda na tatu kurudi. Usipime Mombasa kabla na Nairobi baada. Huko juu shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 18, na hakuna manifoldi inayofidia hiyo.

Ukitimiza kilomita 500, injini ikiwa baridi, rudia Nm 19 kwenye bolti zote, kisha toa plagi nne uzipange kwa mpangilio wa silinda. Yenye kauri nyeupe kuliko wenzake inakuonyesha mrija unaovuta hewa ya wizi.